Kabla Hujafunga Kamba za Raba: Jinsi ya Kujipima Afya Kabla ya Kuanza Mazoezi

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, jua halijachomoza sawasawa, kikundi chetu cha mchakamchaka hapa Temeke huwa kimeshajipanga kando ya barabara. Karibu kila mwezi anakuja mgeni mmoja au wawili. Mgeni unamjua kwa raba mpya, na kwa kutaka mstari wa mbele siku ile ile ya kwanza. Mimi ni muuguzi. Kazi yangu pale ni kumkalisha kwenye kiti cha plastiki, nimuulize maswali, anipe mkono nimpime presha, ndipo aende.

Wapo wanaokasirika. "Dada, mimi nimekuja kukimbia, sikuja hospitali." Nawaelewa. Mtu akishapata hamu ya mazoezi hataki kucheleweshwa. Lakini uchunguzi wa kitaifa uliofanyika Tanzania Bara mwaka 2012 ulikuta kwamba takriban mtu mmoja kati ya kila wanne wenye miaka 25 hadi 64 ana shinikizo la juu la damu, na karibu asilimia 9 wana kisukari. Presha haiumi. Mtu anaweza kuishi nayo miaka kumi akijiona mzima kabisa.

Niseme mapema: kujipima hakumzuii mtu kufanya mazoezi. Karibu wote wanaokaa kwenye kile kiti huruhusiwa kuanza. Kinachobadilika ni mahali pa kuanzia. Hatari ya kweli inamkalia mtu aliyekaa ofisini au dukani miaka mingi, halafu siku moja akaamua kukimbia kwa nguvu zote. Moyo uliozoea mapigo 70 kwa dakika unatakiwa ghafla kupiga 160, na mshipa uliobanwa kidogo, ambao haukumsumbua akiwa amekaa, sasa hautoshi kupitisha damu.

Chukua kalamu na karatasi. Hatua hizi unaweza kuzimaliza kwa siku mbili, na nyingi hazina gharama.

Hatua ya 1: Andika ulipo leo

Jiulize: kwa miezi mitatu iliyopita, nimefanya mazoezi ya kupanga, angalau dakika 30, angalau siku tatu kwa wiki? Ukijibu ndiyo, mwili wako umezoea. Ukijibu hapana, wewe ni mwanzo mpya, hata kama ulikuwa winga hatari wa timu ya shule mwaka 1998. Hili huwauma sana wanaume wa miaka arobaini na kitu. Miguu inakumbuka, moyo haukumbuki.

Kazi za nguvu zihesabu kwa uangalifu. Mama anayechota maji na kulima ana msingi mzuri kuliko karani wa ofisini, lakini kutembea kutoka kwenye gari hadi mezani si msingi.

Hatua ya 2: Maswali saba, na majibu ya kweli

Huko British Columbia, Kanada, katika miaka ya 1970 ilitungwa fomu fupi ya maswali ambayo mtu anaweza kujijibu mwenyewe kabla ya kuanza mazoezi. Imefanyiwa marekebisho mara kadhaa, na toleo la sasa linajulikana kama PAR-Q+. Ukurasa wake wa kwanza una maswali saba. Nayauliza kwa maneno yangu, maana nimeona kwamba ukimuuliza mtu swali la fomu anakupa jibu la fomu.

La kwanza: daktari amewahi kukuambia una tatizo la moyo au presha ya kupanda? Sema "amewahi". Wengi wanajibu hapana kwa sababu waliacha dawa walipojisikia vizuri, wakadhani wamepona.

La pili ni la kifua, na hapa naomba utulie. Ukimuuliza mtu wa kwetu kama ana maumivu ya kifua, atasema hapana, ni gesi tu. Au ni vidonda vya tumbo. Au ni kichomi cha kulala vibaya. Kwa hiyo mimi nauliza hivi: ukipanda ngazi, ukibeba ndoo, au ukiharakisha kuwahi daladala, kuna kitu kinachokubana kifuani, kooni, kwenye taya au mkononi, halafu ukisimama kupumzika kinaachia? Gesi haina habari kama unapanda ngazi au umekaa. Maumivu yanayokuja na kazi na kuondoka na mapumziko ni ya moyo mpaka daktari aseme vinginevyo. Na wanawake, pamoja na wenye kisukari, wakati mwingine hawasikii maumivu kabisa: wanasikia kuishiwa pumzi, kichefuchefu au uchovu usio na sababu.

La tatu: katika miezi 12 iliyopita umewahi kupepesuka kwa kizunguzungu au kuzimia? Kuzimia baada ya kusimama juani kwenye msiba bila kula ni jambo moja. Kuzimia ukiwa unakimbia ni jambo jingine kabisa, na mtu huyo haanzi chochote mpaka moyo wake uchunguzwe.

La nne: una ugonjwa mwingine wa muda mrefu? Kisukari, pumu, figo, kifafa, selimundu, saratani. La tano: unatumia dawa yoyote kwa ugonjwa huo? La sita: kuna mfupa, kiungo au msuli unaoweza kuzidi kuumia? La saba: daktari amewahi kukuambia mazoezi yako yawe chini ya uangalizi tu?

Ukijibu hapana kwa yote saba, na umejibu kweli, unaweza kuanza taratibu. Ndiyo hata moja, endelea kusoma.

Mimi naongeza matatu ya nyumbani. Una kikohozi cha wiki mbili au zaidi? Kapime kifua kikuu kwanza, kwa faida yako na ya wenzako wanaohema karibu nawe. Una homa leo au ulikuwa nayo juzi? Subiri ipite, na ujipe siku kadhaa baada ya kupona, kwa sababu baadhi ya maambukizi huugusa msuli wa moyo. Na kwa kina mama: una ujauzito, au umejifungua karibuni? Ujauzito wenyewe hauzuii mazoezi, lakini kutokwa damu, kondo la nyuma kukaa chini, au presha ya ujauzito vinazuia. Muulize mkunga wako kliniki. Baada ya kujifungua, hasa kwa upasuaji, kutembea kidogo kidogo ni kuzuri, ila kukimbia na kunyanyua vizito kusubiri angalau ule ukaguzi wa siku ya 42.

Hatua ya 3: Uliza ukoo

Tarehe 26 Juni 2003, mjini Lyon, kiungo wa Kameruni Marc-Vivien Foé alianguka katikati ya uwanja kwenye nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Kolombia, akafariki. Alikuwa na miaka 28, mchezaji wa kulipwa, mwili wa chuma. Uchunguzi ulionyesha msuli wa moyo wake ulikuwa mnene kupita kawaida, hali ambayo mara nyingi hurithiwa. Kwa vijana, magonjwa ya kurithi ndiyo ya kuulizia, na mahali pa kuulizia ni nyumbani.

Unachotafuta ni ndugu wa damu, hasa baba, mama, kaka au dada, aliyekufa ghafla kabla ya miaka 50. Tatizo ni kwamba sisi vifo vya ghafla hatuvisimulii kwa majina ya kitabibu. Tunasema alianguka bafuni. Alilala hakuamka. Alizama, na alikuwa muogeleaji mzuri. Alitupiwa kitu. Nenda kwa shangazi au bibi, salimia, kaa kidogo, halafu uliza: "Shikamoo shangazi. Baba mdogo yule aliyefia kwenye mpira, alikuwa na miaka mingapi? Kabla ya hapo alikuwa analalamika nini?" Huhitaji kubishana naye kuhusu chanzo. Unachohitaji ni umri, alikuwa akifanya nini, na kama kuna mwingine aliyeondoka vile vile. Ukipata wawili wa namna hiyo, au hata mmoja aliyekuwa kijana, mwambie daktari kabla ya kuanza mazoezi makali.

Na ukiwa hapo uliza jambo la pili: utotoni nilikuwa naumwa koo mara kwa mara, kisha nikapata homa na viungo kuvimba? Homa ya namna hiyo huharibu vali za moyo polepole, na Afrika Mashariki bado tunaikuta. Kijana wa miaka ishirini anayechoka kuliko wenzake wote si lazima awe mvivu.

Hatua ya 4: Pima presha, na uipime sawasawa

Presha nyingi ninazoona zimepimwa vibaya. Mtu ametoka kupanda boda, amesimama kaunta, anaongea na simu, mkono unaning'inia. Namba inayotoka hapo haina maana.

Fanya hivi. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Nenda haja ndogo kwanza. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote miwili chini, usipishanishe. Tulia dakika tano, bila kuongea. Mkono uwe juu ya meza, usawa wa moyo, na ule mkanda wa mashine ufungwe juu ya ngozi, si juu ya sweta. Mwenye mkono mnene atafute mkanda mpana, maana mdogo unatoa namba kubwa kuliko ukweli. Pima, subiri dakika moja au mbili, pima tena. Andika zote.

Chini ya 140 kwa 90, presha haikuzuii. Kuanzia hapo hadi chini ya 160 kwa 100, kutembea kunaruhusiwa, na panga kwenda kituo cha afya ipimwe siku nyingine, kwa sababu presha haitambuliwi kwa siku moja. Kuanzia 160 kwa 100, muone daktari kwanza. Ikifika 180 kwa 110 au zaidi, na ukirudia bado iko pale, leo hakuna mazoezi, nenda hospitali. Ikiwa na kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, kifua kubana au upande mmoja wa mwili kulegea, nenda saa hiyo hiyo.

Nimkumbuke baba mmoja aliyekuja kwetu, miaka hamsini na mbili. Alisema hana ugonjwa wowote. Mashine ikatoa 190 kwa 115. Nikamwambia tutulie, tuzungumze mambo mengine, nikarudia baada ya dakika tano: 188 kwa 114. Akaangalia chini akasema polepole, "Muuguzi, dawa nilikuwa nazo. Niliacha mwaka jana, zilikuwa zinanikojoza kazini." Hakuwa mwongo. Alikuwa na aibu ya kukimbilia chooni mbele ya wafanyakazi wake. Daktari alimbadilishia dawa, na baada ya wiki sita alirudi na 138 kwa 86, akaanza kwa kutembea na kina mama wa nyuma. Ungemwachia mbio ile siku ya kwanza, sijui.

Ukiwa bado kwenye kiti hicho hicho, hesabu mapigo. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, hesabu dakika nzima. Mapigo ya kawaida ya mtu mzima aliyetulia ni 60 hadi 100. Yakiwa zaidi ya 100 umepumzika kabisa, au yanarukaruka bila mpangilio, hilo ni la daktari.

Hatua ya 5: Sukari, wingi wa damu, na kiuno

Sukari pima asubuhi kabla ya kula. Ikifika 7.0 au zaidi (mashine nyingine zinasoma 126, ni kitu kimoja), irudiwe siku nyingine, na ikibaki hapo ni kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 ni onyo, na kwa huyu mazoezi ndiyo dawa bora kuliko zote.

Mwanamke anayechoka haraka, anayetokwa hedhi nyingi au aliyejifungua karibuni apime wingi wa damu. Chini ya 12 kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya 13 kwa mwanaume, ni upungufu. Nimeona wadada wakijilaumu miezi kwamba hawana bidii kumbe wana damu 8.

Kiuno pima kwa futi ya fundi cherehani, usawa wa kitovu. Kisizidi nusu ya urefu wako. Mwenye sentimita 160 asipite 80. Kikizidi hakikuzuii kuanza. Kinakuambia presha na sukari usiziruke.

Mwenye selimundu anaweza kufanya mazoezi, na wengi wanayahitaji, ila apange na kliniki yake, aanze polepole, anywe maji kabla hajasikia kiu, apumzike mara kwa mara, na aepuke jua kali na maji ya baridi. Akisikia dalili za maumivu anaacha pale pale.

Sasa neno kuhusu vifurushi vya "kupima mwili mzima". Kipimo cha umeme wa moyo ukiwa umelala kinaweza kutoka safi kwa mtu mwenye mishipa iliyobanwa, na akaondoka na matumaini ya uongo. Ni kipimo kizuri pale daktari anapokuwa na swali la kujibu. Bila maswali ya hatua ya pili na ya tatu, ni karatasi tu. Na zile mashine za kushika kijiti mkononi, zinazotoa kurasa ishirini za ripoti kisha unauziwa virutubisho: hazipimi kitu. Fedha hiyo nunua mashine ya presha ya familia.

Hatua ya 6: Mwaga dawa zako mezani

Zote, na za asili pia. Soma majina, andika.

Atenolol, bisoprolol na propranolol hupunguza kasi ya moyo. Ukizitumia, usifuate saa ya mkononi inayokuambia mapigo yafike 150. Hayatafika, na kujilazimisha ni hatari. Dawa za kukojosha, kama furosemide na hydrochlorothiazide, kwenye joto la pwani zinakukausha upesi, hivyo fanya mazoezi alfajiri na muulize daktari kuhusu maji. Insulini na glibenclamide zinaweza kuishusha sukari kupita kiasi ukiwa mazoezini. Pima kabla: ikiwa chini ya 5.0, kula kwanza ndizi au kipande cha mkate, na mfukoni weka glukosi au pipi. Kutetemeka, jasho la baridi na kuchanganyikiwa ni dalili za kusimama na kula sukari hapo hapo. Ikipita 13.9 na unajisikia vibaya, usianze. Mwenye kisukari akague nyayo kabla na baada, maana kidonda kinaweza kuanza bila kuuma.

Mwenye pumu asitoke bila inhela yake.

Diklofenaki ya kumeza kabla ya mbio "ili magoti yasiume" naipinga waziwazi. Inaficha maumivu yanayokuonya, na ukiwa umekaukiwa maji inazitesa figo. Vinywaji vya kuongeza nguvu kabla ya kukimbia, kwa mtu mwenye presha, vilevile.

Hatua ya 7: Jaribu miguu

Chukua kiti kisicho na mikono, kiegemeze ukutani. Funga mikono kifuani. Simama na ukae mara nyingi uwezavyo kwa sekunde 30. Kwa watu wa miaka 60 hadi 64, mwanaume akishindwa kufika 14, au mwanamke 12, miguu imelegea, aanze na kutembea pamoja na zoezi hilo hilo la kiti. Goti likiuma kwa kuchoma au likivimba kesho yake, mbio zisubiri. Baiskeli au kuogelea vitafaa zaidi.

Hatua ya 8: Amua njia yako

Huna ugonjwa, huna dalili, lakini hujazoea mazoezi: huhitaji kibali cha daktari. Anza na kutembea kwa kasi ambayo unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Dakika 15 kwa siku zinatosha wiki ya kwanza. Ongeza taratibu hadi ufike dakika 150 hadi 300 kwa wiki, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani lilikipendekeza mwaka 2020, pamoja na siku mbili za mazoezi ya nguvu. Mbio zije baadaye.

Una ugonjwa wa moyo, kisukari, figo au presha, huna dalili, na hujazoea: muone daktari kwanza, kisha anza kama huyo wa juu. Kama tayari ulikuwa unafanya mazoezi ya wastani, endelea nayo, ila usipandishe ukali kabla hujamuona.

Una dalili, yaani kifua, pumzi, kuzimia, moyo kwenda mbio bila sababu, miguu kuvimba, au shavu la mguu kuuma ukitembea na kupoa ukisimama: simama hapo. Haijalishi wewe ni bingwa wa kikundi. Daktari kwanza.

Ukifika kwake usiseme tu "nataka kupima afya". Mwambie: "Daktari, nataka kutembea haraka dakika thelathini, siku tano kwa wiki, na baada ya miezi mitatu nikimbie kilomita tano. Nina presha, natumia amlodipine. Baba alifariki ghafla na miaka 46. Kuna cha kunizuia, na dawa hizi zinahitaji kubadilishwa?" Mpe ile karatasi. Daktari mwenye foleni ya watu sitini atakusaidia zaidi kwa karatasi hiyo kuliko kwa maelezo ya nusu saa.

Baada ya hapo

Karatasi isitupwe. Kunja nakala ndogo uiweke mfukoni unapotoka, yenye jina, ugonjwa, dawa na simu ya mtu wa nyumbani. Nimewahi kumshikilia mtu aliyeanguka barabarani na hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua jina lake kamili. Rudia maswali saba kila mwaka, na kabla ya mwaka kama umepewa dawa mpya, umelazwa, umepata ujauzito au dalili imejitokeza. Presha, kwa aliyepita miaka arobaini, ipime kila baada ya miezi michache.

Kwa Temeke, Jumamosi, kiti kiko pale kuanzia saa kumi na moja na nusu. Njoo mapema, ili ukae zile dakika tano bila haraka.